Mikono Nyuma

Mwaka wa tisini na mbili, katika chuo kimoja cha Mji wa Kale, Bi Shahnaz alitufundisha kuwa walimu wa ushonaji kwa kutufunga mikono nyuma kwa leso. Naam, kutufunga! Msichana tuliyepewa kumfundisha akikosea mshono, ilikuwa sharti tumwelekeze kwa mdomo tu.

"Mejumaa, ukimshonea, utakuwa umejifunza wewe, si yeye!" alinikemea. Nami niliivuta ile leso kwa hasira, huku msichana mbele yangu akiharibu kitambaa kizuri. Leo naitamani hata hasira ile.

Miaka ilipopita, nikiwa mwalimu mwenyewe, Idi moja nilikwenda kwake kumpa mkono wa Idi. Nilimkuta akijaribu kutunga sindano, vidole vikimtetemeka. Uzi ulipita kando, ukapita kando tena. Nilisimama pale, mikono nimeifumbata nyuma.

"Lowesha ncha, Mwalimu," nikamwambia polepole. "Sasa inua sindano kidogo."

Alinitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Umefuzu, mwanangu," akasema, akininyooshea sindano. "Sasa nitungie."