Chai Niliyomkorogea Mama Mkwe

Dresa Micah, mtibabu wa zahanati ya shamba, alikishika kichupa juu ya moto wa spiriti, na maji ya buluu yaliyokuwa ndani yakageuka kijani, kisha manjano, kisha yakatulia kwenye rangi ya tofali. Alikuwa ametia humo matone manane tu ya mkojo wa mama mkwe wangu. Alikitazama kwa muda, akanigeukia na kuniuliza mgonjwa alikuwa akila nini.

Nilimjibu kwa fahari. Asubuhi chai ya vijiko vitano vya sukari, saa nne uji wenye asali, jioni chai tena. Nilikuwa na miezi saba tu katika ndoa, na nilijiona kidedea.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, katika shamba la ngano la mzungu mmoja kule Mau Narok. Mama mkwe wangu, Mama Chepchirchir, alikanyaga jino la reki wakati wa mavuno. Kidonda chenyewe hakikuzidi ukucha. Wiki ya tatu kilikuwa bado wazi, na kufikia ya sita mguu ulikuwa umevimba na kuwaka moto, na harufu yake ilikupokea mlangoni kabla hujabisha hodi.

Kwetu mtu mwenye kidonda hupewa vitu vitamu ili damu yake irudi. Majirani walileta asali kwa vibuyu. Nyingine tulikipaka kidonda, nyingine alikunywa. Mume wangu Kiptanui, aliyekuwa dereva wa trekta, alinunua sukari kila Jumamosi akanikabidhi mimi, si dada yake Chelangat, na wifi yangu hakulisahau hilo. Nilianza na vijiko viwili. Kidonda kilipokataa kufunga, niliongeza kimoja. Kilipozidi, nikaongeza tena.

Micah alizima moto. "Asali ya kupaka endelea nayo, hiyo inasaidia," alisema. "Lakini ya kunywa, wacha leo. Na sukari pia. Huyu mama iko na ugonjwa ya sukari, na wewe umekuwa ukiilisha."

Wema hauozi, watu husema. Wangu ulikuwa ukioza mguuni mwa mtu.

Kesho yake tulimlaza juu ya magunia ya ngano, lori likateremka naye hadi Nakuru. Daktari alikata vidole viwili vilivyokuwa vimeshakufa, akasema atangoja wiki moja. Mguu usipotulia, ataukata chini ya goti. Mama alikuwa mjane. Asiyeweza kufanya kazi shambani hakuwa na nyumba katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, na sisi sote tulijua hivyo. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake nikimwomba Mungu auchukue mguu wangu badala ya ule.

Kulikuwa na nesi aitwaye Wariara, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, aliyemdunga sindano asubuhi na jioni. Nilimuuliza sukari ilikuwa imefanya nini hasa. Hakunicheka.

"Wewe unatoka kwa ngano, si ndiyo? Basi ona. Ghala imejaa mpaka juu, lakini mlango imefungwa. Mafundi wako nje na njaa. Nani atajenga ukuta?"

Alinieleza kuwa sukari ilijaa kwenye damu ya mama, ila nyama haikuweza kuila, kwa hiyo ngozi haikuwa na nguvu ya kujishona, huku uvimbe na usaha vikizidi kunawiri. Ile sindano ndiyo iliyofungua mlango.

Siku ya tano alifungua bendeji. Nyama ilikuwa nyekundu, safi, na kando yake pote kulikuwa na utando mwembamba wa waridi, ngozi mpya ikianza kutambaa. Nililia mbele ya wodi nzima. Sasa mimi ni bibi kizee, nimewapokea wajukuu kumi na mmoja mikononi mwangu, na bado sijaona kitu kilichonifurahisha kama ule utando. Mama alitembea kwa mguu huo miaka kumi na tisa.

Lakini Jumapili, kabla ya siku hiyo ya tano, hatukujua hayo bado. Kiptanui alifika na Chelangat na wazee wawili wa kanisa, na maneno ya Micah yalikuwa yameshazunguka laini yote. Chelangat alisimama mbele ya kitanda akauliza, kila mtu akisikia, ni nani aliyekuwa akimlisha mama yake sukari. Kiptanui alinitazama. Nilifungua mdomo nikiri.

Mama aliinua mkono. "Niliomba mimi," alisema. "Huyu alinikataza. Nikamgombeza mpaka akalia."

Chelangat alishusha macho. Kiptanui alivuta stuli akaketi karibu nami, akaanza kuniuliza habari za bendeji.

Mama hakuwahi kuniomba sukari hata siku moja. Walipoondoka nilipiga magoti nikamuuliza kwa nini alidanganya mbele ya wazee wa kanisa. Aliniambia kwamba tangu utoto wake hakupenda kitu kitamu, na kwamba ile chai yangu ilimchafua tumbo kila siku.

"Lakini ulikuwa unasimama pale unangoja nimalize," alisema. "Ningekurudishia kikombe aje?"

Kisha akaniomba maji. Nilimletea maji matupu, akayanywa yote.