Mtungi wa Thelathini na Mbili

Madereva wa bohari yetu ya gesi waliniita Bi Kifungu, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Mimi ndiye niliyekaa getini. Lori halikutoka wala kuingia bila saini yangu, na saini yangu haikupatikana kabla sijakagua mabango ya hatari, minyororo, vifuniko na karatasi. Mwenye kununa alinuna, akapanga foleni.

Kati yao wote, aliyenipandisha presha alikuwa Breki, mdogo wake mume wangu. Walimwita Breki kwa sababu hana. Damu zetu hazikupatana tangu siku niliyoolewa, na mwaka huo nilikuwa nimeshamwandikia maonyo mawili. La tatu lilikuwa na maana moja: kunyang'anywa kibali cha kubeba mizigo hatari, na bila kibali hicho hapewi lori pale bohari, unga umemwagika. Mama mkwe alishaniambia mbele za wageni, "Mwanangu mmoja umemchukua, wa pili unamtafuna."

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya mitungi mitupu. Madereva wana mtindo wao. Dereva akichukua mtungi kwa mteja anaugonga kwa spana, anasikiliza unavyolia, kisha anauchora chaki: tupu. Kuanzia hapo kwake huo ni chuma chakavu. Anakunja mabango ya rangi ya chungwa, anailaza mitungi kama magogo, na karatasi anazikalia. Sheria haijali spana ya mtu. Mtungi ukishapakiwa kwenye lori la kusambazia gesi ni mzigo hatari mpaka ushushwe, na huo unaoitwa mtupu una gesi iliyobaki ndani, nayo inatosha kukutoa roho. Niliyasema hayo mpaka mate yakanikauka.

Siku yenyewe nilifika kazini nimevimba. Gesi ilikuwa imeniishia nyumbani chai haijachemka, nikamfokea mume wangu kama yeye ndiye aliyeinywa. Saa nane mchana lori la Breki likajitokeza, mabango yamekunjwa.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Umeanza. Salamu hakuna?"

"Umebeba nini?"

"Mitupu, shemeji. Hewa. Nimebeba hewa."

"Fungua nyuma."

Alishuka kwa madaha kama bwana harusi. Karatasi ilisema mitungi thelathini na mmoja. Nilihesabu thelathini na miwili. Wa mwisho ulikuwa umelala karibu na mlango, hauna kifuniko, nao ulitoa sauti ndogo ya kunong'ona. Nilichukua kopo la maji ya sabuni nikapaka kwenye koki. Povu likaumuka.

"Umepita wapi na kitu hiki?" nikauliza, huku naikaza koki.

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Kituo cha mafuta. Kwani lori halinywi?"

Nilipaswa kuogopa kwanza. Nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu. Nikavuta fomu, nikaanza kuijaza huku nasoma kwa sauti ili wapakiaji wote wasikie.

"Mabango yamekunjwa. Mtungi mmoja hauna karatasi. Hauna kifuniko. Koki wazi. Hili la tatu, baba. Kibali utakiacha hapa hapa."

Breki hakujitetea. Aliegemea lori, mikono mfukoni.

"Andika yote, shemeji. Usiruke hata mstari. Mwenye mtungi ni nani?"

"Utaniambia wewe."

"Usimamishe, uutazame."

Niliusimamisha. Ubavuni palikuwa na stika ya kipepeo, bawa moja limebanduka. Nilimgombeza binti yangu siku alipoibandika.

Asubuhi ile, katikati ya kufoka, nilimwambia mume wangu, "Mwambie mdogo wako aupitie, si anapita hapa na lori?" Regileta niliifungua mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikaacha koki wazi. Ya nini kuifunga? Gesi si imeisha. Mwaka mzima nilimkalia Breki kooni kwa kosa lile lile ambalo nilikuwa nimelifanya jikoni kwangu kabla sijavaa viatu.

"Kaka angeubeba kwenye gari lake," Breki alisema, "mtungi wake, jiko lake, usingemgusa. Sheria yako ni ya lori la kusambazia. Nimewasaidia, ndipo mtungi umekuwa mzigo hatari." Akanisogelea, akashusha sauti. "Chana hiyo karatasi. Wewe hukuona, mimi sikusema. Yaishe."

Nilimchukia saa ile kuliko siku zote, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Wapakiaji walikuwa wameacha kazi, wananitazama. Nikiichana, kesho nitakagua lori la nani?

Nikaandika. Mwenye mtungi: jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Aliyeacha koki wazi: mimi. Aliyeupakia bila karatasi wala kifuniko: yeye. Nikasaini, nikamkabidhi kalamu.

Uso ulimbadilika. "Wewe una wazimu. Unajichoma mwenyewe ili mimi niungue?"

"Saini."

"Nina watoto watatu!"

"Saini, shemeji."

Wiki haikuisha. Kibali chake kilichukuliwa. Mimi niliondolewa getini, nikapelekwa uani kupaka mitungi maji ya sabuni kutwa nzima. Mama mkwe akakata mguu kwetu. Mume wangu akawa ananijibu ndiyo na hapana. Mtungi wetu ulizuiwa bohari kama ushahidi, tukawa tunapikia mkaa.

Jumapili ya tatu, asubuhi, Breki akaja na gari dogo la kuazima. Bohari walikuwa wameuachia mtungi, naye alikuwa ameujaza. Alikuwa ameusimamisha kwenye kiti cha nyuma, ameufunga mkanda, kifuniko kimekazwa, madirisha yote yako wazi. Akaushusha mlangoni bila kunisalimia.

"Huu sheria yako haiuhusu," alisema. "Lakini kagua."

Nikaleta maji ya sabuni. Nilitoa kifuniko, nikapaka koki, tukachutama wote wawili kuitazama. Hakikutoka hata kiputo kimoja.

"Umefunga vizuri," nikasema.

"Sasa najua kufunga," akasema. "Nani atanipa lori?"

Nikarudisha kifuniko, nikakikaza. Akapangusa magoti, akaondoka.