Adhana ya Faki

Mimi na Faki tulizaliwa siku moja, hapa Mambrui, na vichwa vyetu ni vya aina moja: havitulii. Yeye hufungua redio tatu asimalize hata moja. Mimi huacha chungu motoni nikafuata jambo jingine. Yeye huitwa fundi, akili nyingi. Mimi huitwa mzembe. Namwonea wivu pacha wangu tangu utotoni, wala sioni haya kusema.

Ramadhani ya mwaka wa themanini na tatu, Faki alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa wetu. Jioni moja aliitupia jicho saa iliyokuwa mezani pake, akakimbia kuadhini magharibi. Kumbe saa ile ilikuwa mbovu, mteja kaileta itengenezwe! Mawingu yalikuwa mazito, tukafuturu sote. Yalipopasuka, jua hilo linatutazama, na sisi tende midomoni.

Bi Kibibi, mama wa mume wangu, alicheka hadi akajifuta machozi. "Faki huyo! Akili zimemzidi. Tutalipa saumu ya siku moja, si neno."

Kesho yake niliinjika mbaazi za nazi, nikaingia ndani kuchukua chumvi. Nikauona mkeka niliouacha nusu, nikakaa kusuka. Harufu ya kuungua ilinikuta papo hapo.

Bi Kibibi hakucheka. "Chungu cha tatu tangu mwezi uandame. Rudi kwenu, Shekha. Msellem akikutaka atakufuata." Msellem, mume wangu, alisimama mlangoni, akanipisha nipite.

Kwetu, mama alinikabidhi saa iliyo nzima, si mbovu kama ile. "Mkewe Faki amekwenda Malindi kujifungua. Ndiye humkumbusha adhana, nguo, hata kula. Sasa kazi hiyo ni yako."

Kumbe! Miaka yote nilidhani amenishinda akili, kumbe ana mtu wa kumkumbusha. Chungu changu nani alinikumbusha?

Jioni nilikaa barazani, saa mapajani, macho hayabanduki. Ndani, Faki amezungukwa na nyaya za redio. Wakati ukafika. Nikauona. Nikanyamaza, nikamumunya tende yangu taratibu, mtaa mzima ukisubiri.

Alipoadhini, kiza kilikuwa kimeingia. Watu wakacheka, "Fundi huyo!" Mama akanijia mimi.

"Hata hilo umesahau? Nitamwombaje Bi Kibibi akurudishe?"

Maishani mwangu, ni jambo hilo tu ambalo sikulisahau.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimesahau."