Jumapili Saba Kwenye Simu ya Mama Masina

Mama Masina, mtunza orodha ya mazoezi yetu ya kuchuma tofaa kwa ngazi, aliinua simu yake sote tuione, akasoma jina langu na siku zangu: "Sieni. Mazoezi: Jumapili. Jumapili. Jumapili. Mara saba!"

Wanawake wakaguna. Kijijini kwetu hata kufyeka nyasi Jumapili unaitwa barazani kwa wazee.

"Ulikuwa ukipanda ngazi na nani, binti? Na mchungaji?" Mama Masina akauliza.

Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Nilikuja Jumatatu, mama. Zote." Nikamwonyesha simu yangu. Kila siku ya mazoezi mtu hubonyeza simu yake mwenyewe, habari ikafika kwa Mama Masina. Kwangu zilikuwa Jumatatu saba.

"Hiyo umeichezea. Nakufuta."

Kufutwa maana yake ndege ya New Zealand, ya wachuma tofaa, ingeondoka bila mimi. Nafasi ile nimeisubiri miaka mitatu.

Nikaitazama tena orodha ya Mama Masina. Viliamu, mpwa wake, naye alikuwa na Jumapili moja, ya wiki hii.

"Huyo kidole kimeteleza," Mama Masina akasema, upesi mno.

Nikaomba kuishika simu yake. Nikarudi nyuma hadi Agosti: Jumatatu zangu zilikuwa Jumatatu. Uharibifu ulianza mwisho wa Septemba. Simu yangu ilikuwa ya marehemu babu, haipokei tena marekebisho, na kila mwisho wa Septemba hujisogeza mbele saa moja, ingawa serikali ilishaifuta desturi hiyo ya kusogeza saa wakati wa kiangazi. Nimezoea, mimi hufuata kengele ya kanisa.

Losa, mwenzangu ambaye jina lake lilikuwa bado halijasomwa, naye ana simu kuukuu kama yangu. "Dada, hebu bonyeza sasa," nikamwambia.

Ilikuwa Jumatano. Kwa Mama Masina ikatokea Jumanne.

"Mama yangu! Simu imerogwa," Losa akasema.

Nikampigia Lafaele, kijana wa Apia aliyetengeneza programu ile, nikaweka sauti wote wasikie. Nikamweleza habari ya saa ya simu yangu.

"Programu inaitunza siku kama saa sita ya usiku, pale siku inapoanza," akasema. "Simu yako imetangulia. Saa sita yake, kwa simu mpya kama ya Mama Masina, ni saa tano. Yaani bado jana."

"Siku ya mazoezi haina saa, kaka. Uliipa saa ya nini?"

"Hapo nimekosea. Naitengeneza leo."

"Na simu mpya? Inaweza kurudisha siku nyuma?"

"Mpya haiwezi. Hiyo ukiona Jumapili, ujue mtu kabonyeza Jumapili."

Vichwa vikageuka. Viliamu alikuwa ameegemea nguzo, na simu aliyoletewa na baba yake kutoka Auckland mwezi uliopita. Akailaza kifudifudi mkekani.

"Hukuja Jumatatu wewe," Losa akamwambia. "Nilidhani unaumwa, kumbe ulibonyeza tu kwenu."

"Mpwa wangu..." Mama Masina akaanza, kisha akanyoosha mkono nimrudishie simu.

Akalirudisha jina langu. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza, kisha nikampa kalamu, nikamwomba aliandike na kwenye karatasi.