Mwenye Nyumba Yuko Macho

Jumamosi hiyo Phelister alikoroga uji nyuma ya ukumbi wa Kaloleni kama Jumamosi zote. Sufuria ilikuwa ile kubwa ya harusi, mwiko ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe, na moshi ulikuwa unalala upande wa reli, maana yake mchana ungekuwa wa baridi. Wanawake wenzake wa kikundi walikuwa wanapanga vikombe vya plastiki mezani. Watu wanaolala nje, wale wa soko la Muthurwa na wale wa chini ya daraja, walikuwa wameshaoga kwa maji ya mtungi, wameweka mizigo yao kwenye stoo ya ukumbi isije ikaibwa, na sasa walikuwa kwenye foleni. Opicho alikuwa katikati ya foleni. Alikuwa amezikwa Alhamisi.

Alivaa ile suti ya kijivu aliyozikwa nayo, zawadi ya mume wa mmoja wa wanawake wa kikundi, na mabega ya koti yalikuwa yamemshukia karibu na viwiko. Viatu vilikuwa na udongo mwekundu wa makaburi ya Lang'ata. Zamu yake ilipofika, Phelister alimjazia kikombe.

"Leo hujatia ndimu," Opicho akasema baada ya kuonja.

"Ndimu zimepotea sokoni. Pole, Opicho."

"Asante, Mathe."

Wote walimwita Phelister hivyo, Mathe, yaani mama, hata wazee waliomzidi umri.

Nyuma ya Opicho alisimama Bedan. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Kariobangi, mpaka karakana aliyofanya kazi ikabomolewa kupisha barabara. Akaishia Muthurwa, kwenye veranda ya duka la mbegu, na huko ndiko alikomkuta Opicho. Walikuwa wakilala juu ya magunia ya kabichi, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akiwa blanketi ya mwenzake. Tangu mwenzake afe, Bedan alikuwa na kikohozi kinachotoka mbali.

"Buda, umerudi?" akauliza.

"Nimerudi kidogo. Nasikia mmenijengea nyumba. Sikuiona vizuri, nilikuwa ndani ya sanduku."

"Wewe Mluhya, sema ukweli. Umefuata uji."

"Na wewe Mkikuyu, ukisikia nyumba ya mtu unaanza kukohoa. Kesho utaniletea wapangaji."

Foleni ikacheka, ikasonga mbele.

Habari ya nyumba ilikuwa ya kweli. Opicho alikufa kwa baridi ya Juni, pale pale kwenye veranda. Jioni hiyo wazee wa chama cha maziko cha mtaa walikutana ukumbini, Mzee Wamalwa akiwa mwenyekiti. Kwao magharibi mwa nchi mwanaume haondoki duniani akitokea barabarani. Asiye na nyumba hujengewa, hata kama ni kibanda, aingizwe humo na kutolewa humo, ndipo azikwe kama mtu. Shamba la Opicho lilikuwa limeshauzwa na ndugu zake, kwa hivyo nyumba ilibidi isimame Kaloleni, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya ukumbi. Kulipokucha mabati yalikuja. Mbao zikaja, saruji ikaja, fundi akaja na misumari yake mwenyewe na akakataa kulipwa. Jioni nyumba ilikuwa imesimama, ina mlango, dirisha na kufuli. Kesho yake sanduku likaingizwa, likatulia ndani watu wakiomba, likatolewa, likapelekwa Lang'ata. Mzee Wamalwa akafunga kufuli na kutia ufunguo kwenye mfuko wa koti.

Phelister aliyaona hayo yote akiwa jikoni, akipika chai ya waombolezaji. Miaka mingi alikuwa amewaomba wazee hao hao mabati ya chumba kimoja tu, watu wake walale ndani msimu wa baridi. Walikuwa wakimsikiliza kwa heshima kila mara. Walikuwa wakimwambia mabati hakuna.

Uji ulipoisha, akamtuma binti yake Mourine kwa Mzee Wamalwa kuchukua ufunguo. Mzee alikuja mwenyewe, amevaa koti la kanisani, bakora mkononi. Akamsalimu Opicho.

"Pole na msiba."

"Msiba ni wetu sote, mzee."

Kufuli likafunguliwa. Chumba kilikuwa kinanuka saruji mbichi. Opicho aliingia, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake. Alifungua dirisha, akalifunga. Akafungua mlango, akaufunga akiwa ndani, akakaa humo kwa muda, kisha akaufungua tena. Tangu atoke kwa mama yake hakuwa amefunga mlango wowote uliokuwa wake.

"Iko sawa," akasema. "Sasa Bedan ahamie lini?"

Mzee Wamalwa akasafisha koo. "Hii ni nyumba ya marehemu, Opicho. Mtu aliye hai halali ndani."

"Marehemu ni mimi. Na mimi nasema alale."

"Si wewe unayesema. Ni desturi inayosema. Akilala humu, anakufuata."

"Mzee," Phelister akaingilia, "huyu tumempeleka kliniki juzi. Daktari amesema akilala kwenye saruji Julai hii, mapafu yake hayavuki."

"Nimesikia, mama. Namhurumia."

"Basi?"

"Basi ndivyo nilivyosema. Namhurumia."

Bedan alikuwa amesimama nje, mkono mdomoni, akijaribu kukohoa kwa adabu. Opicho alimtazama. Marehemu hufikiri polepole, na watu wakamngojea.

"Na mgeni je?" akauliza mwishowe. "Mgeni anaruhusiwa kuketi?"

"Mgeni hafukuzwi," Mzee Wamalwa akasema. "Ilimradi mwenye nyumba yuko macho. Mwenye nyumba akilala, mgeni anaaga."

"Na mgeni mwenyewe akisinzia?"

Mzee alifikiri sana. Alikuwa mtu wa haki, na hakupenda kutoa jibu la haraka kwenye jambo la maiti.

"Mgeni akisinzia, huo ni uchovu wa njia. Hana kosa. Mwenye nyumba ndiye asisinzie."

Opicho akashusha pumzi, ingawa hakuwa na haja nayo. Alikuwa amekuja kuiona nyumba tu, halafu arudi Lang'ata akapumzike.

"Mathe," akasema, "nitafutie stuli."

Tangu jioni hiyo Bedan alikuwa mgeni wa Opicho. Kikundi kilitoa godoro kwenye stoo, likatandikwa kando ya ukuta usiopigwa na upepo. Opicho aliweka stuli karibu na mlango, akaketi na mikono magotini. Wanawake wa kikundi, ambao kazi yao ilikuwa uji, maji ya kuoga na kukata nywele, wakaongeza kazi nyingine. Kila jioni walimpikia marehemu chai ya rangi yenye tangawizi kali, nyeusi kama lami. Walipangana kwa zamu kuja kuketi naye magharibi inapoingia, wamsimulie udaku wa mtaa ili macho yasimlegee. Mourine alimletea redio. Opicho alisikiliza mpira wa nchi ambazo hakujua ziko wapi, na asubuhi aliwaambia watu matokeo.

Na kila kulipopambazuka Mzee Wamalwa alipita na bakora yake, akagonga bati.

"Mwenye nyumba yuko macho?"

"Yuko," Opicho alijibu.

"Basi sawa."

Mzee akaenda zake. Hakuna siku aliyotia kichwa ndani kuona mgeni anafanya nini.

Julai ikaja na mawingu yake yasiyosogea. Kikohozi cha Bedan kikapungua, kikabaki cha asubuhi tu, halafu kikawa cha kukumbusha. Alirudiwa na nguvu, akaikaza bawaba ya mlango, akaziba tundu za misumari kwa lami. Watu wengine wakasikia. Mwenye nyumba haulizwi idadi ya wageni, kwa hivyo Ndeti wa mkokoteni akaja kusalimia na akashikwa na uchovu wa njia. Baadaye wakaja mzee na mkewe kutoka chini ya daraja. Gunia likaning'inizwa katikati ya chumba, wanawake upande huu, wanaume upande ule.

"Si nilisema?" Opicho akamwambia Bedan. "Wapangaji hao."

"Na kodi hawalipi. Wewe ni landlodi mjinga sana."

Lakini Opicho alikuwa anachoka. Kitu pekee anachopewa marehemu ni usingizi, na yeye alikuwa ameuonja tangu Alhamisi hadi Jumamosi tu, akajua utamu wake. Uso wake ulianza kushuka. Alizungumza sentensi nusu, ile nusu nyingine akaisahau. Udongo wa Lang'ata ulikauka kwenye viatu vyake ukawa unadondoka chini ya stuli, na Phelister aliufagia kila asubuhi. Siku moja alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye bati ili ubaridi umzuie kusinzia.

"Umechoka, Opicho."

"Msalabani wameniandikia nipumzike kwa amani, Mathe. Kila nikikumbuka nacheka."

Hakuwa anacheka.

Phelister alivua aproni, akaenda kwenye kikao cha wazee. Hakuenda kulia wala kugombana. Aliwaeleza kama mtu anayeeleza bomba limepasuka wapi. Wajenge chumba cha walio hai, hata kama ni kidogo, na marehemu aruhusiwe kwenda kulala. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," Mzee Wamalwa akasema, "watu huchangia kilio. Nikipita mtaani sasa hivi nikisema Bedan amekufa, sijafika relini mabati yamejaa. Nikisema Bedan anasikia baridi, wataniuliza sweta yake iko wapi."

"Mabati yapo, mzee. Nimeyaona nyuma ya jukwaa, yamefunikwa turubai."

"Hayo yana mwenyewe."

"Nani?"

"Bedan."

Phelister akageuka kulitazama jukwaa.

"Akifa," mzee akaeleza. "Hatutaki tena aibu ile ya Opicho, kukimbizana na mbao asubuhi mwili uko mochari. Tumejitayarisha mapema. Bedan si wa kwetu, na kwao hawana desturi hii, lakini kikao kimekubali ajengewe vilevile. Hapa Kaloleni hatubagui mtu."

Wazee wengine wakaitikia. Walikuwa wamepitisha jambo hilo kwa moyo mweupe, na ilionekana walitegemea ashukuru. Phelister akashukuru, kwa kuwa alihitaji ukumbi Jumamosi.

Wiki hiyo hiyo fundi alikuja na futi yake kupima kiwanja kando ya nyumba ya Opicho. Alimkuta Bedan anaanika blanketi.

"Mzee Bedan, salama? Nimetumwa nikuulize, mlango ungependa utazame wapi?"

Bedan alitazama huku na huku. Alikuwa amefanya kazi ya mageti maisha yake yote, na swali la mlango hakulichukulia kwa mzaha.

"Jua linapotokea," akasema. "Na usiuweke karibu na mtaro."

"Dirisha?"

"Moja linatosha. Kwani naweza kuihamia lini?"

"Hiyo sasa ni wewe na Mungu wako," fundi akasema, akapigilia vigingi, akaenda.

Julai ilipokwisha Phelister alimrudisha Bedan kliniki. Daktari alimwekea chombo kifuani, akasikiliza mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi. Walirudi Kaloleni jua likielekea kuzama. Wageni walikuwa wameanza kufika, Ndeti akiegesha mkokoteni wake ukutani, na Opicho alikuwa kwenye stuli. Bedan akachuchumaa mbele yake.

"Buda, nimepona. Daktari amesema."

Opicho alichukua muda mrefu kuelewa.

"Basi nilale?"

Mwenye nyumba akilala, mgeni anaaga. Ndeti aliangalia mkokoteni wake. Yule mzee na mkewe waliangaliana. Phelister alikuwa na birika la chai mkononi, na hakuimimina.

Bedan ndiye aliyeinuka. Akaingia ndani, akakunja blanketi yake, akafunga mzigo wake kwa kamba.

"Lala, ndugu yangu," akasema. "Mimi nimeshiba usingizi. Muthurwa naijua, na baridi imepita."

"Kuna mvua za Oktoba."

"Oktoba ni mbali. Lala."

Ndeti naye akakunja godoro. Mke wa yule mzee akashusha gunia lililogawa chumba, akalikung'uta, akalitandika vizuri ukutani mahali ambapo mwenye nyumba angelala. Opicho akainuka kutoka kwenye stuli. Miguu ilikuwa mizito. Akalegeza tai, akafungua kifungo cha juu cha shati, na macho yake yakaanza kufumba akiwa bado amesimama.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Jina lake lilikuwa Nafiso. Alikuwa ametembea kutoka Kariobangi, ambako asubuhi hiyo mwenye ploti alikuwa amekuja na fundi akang'oa mlango wa chumba chake kwa deni la kodi, akauchukua. Alikuwa na mfuko wa nguo na sufuria. Mtoto alikuwa anakohoa.

"Hodi," akasema. "Nimeelekezwa hapa. Mwenye nyumba ni nani?"

Watu wote wakamtazama Opicho. Yeye alikuwa anatazama gunia lililotandikwa, jinsi lilivyonyooshwa, na ile pembe iliyokunjwa iwe mto. Mtoto akakohoa tena.

"Ni mimi," akasema.

"Naomba niketi kidogo, baba."

Opicho akafunga kifungo cha shati. Akavuta stuli pembeni ili Nafiso apate kupita.

"Ingia, mama," akasema. "Mimi bado sijalala."