Mpira Haujashuka

Jumamosi ile fundi wa friji alifunga karakana saa saba mchana, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga, akavaa jezi yake ya zamani iliyobanduka namba mgongoni ikabaki alama tu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na karatasi ya hospitali. Aliisoma kwa kugeuza kichwa kizima, neno moja baada ya jingine, kwa sababu pembeni alikuwa haoni tena.

"Jumanne saa mbili asubuhi, mzee," alisema. "Na wanataka mume aje asaini, au mtoto. Jirani hawamtaki."

"Mechi inaisha leo jioni, mama," alisema fundi. "Jumanne bado iko mbali."

Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na ugonjwa wake ulikuwa presha ya macho. Daktari hakumzungusha. Alimwambia kwamba upasuaji haurudishi kilichokwisha kupotea, unalinda kilichobaki, na kila wiki inayopita inaondoka na chake. Kwa wakati huo alikuwa akiona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Sindano aliiona vizuri. Mlango wa pembeni alikuwa akiugonga kwa bega.

Timu ya fundi iliitwa Ngome, na watani walisema ni ngome ya ajabu, kila anayepita anaingia. Ilikuwa haijachukua kombe kwa miaka ishirini na sita. Mashabiki wake walikuwa na imani moja tu, nayo haikuandikwa popote: anayeondoka kabla ya filimbi ya mwisho ndiye anayeifungisha timu. Si kipa wala beki. Ni yule aliyenyanyuka.

Miaka kumi na mmoja nyuma, fundi alinyanyuka dakika ya themanini na sita, Ngome ikiongoza bao moja, kwa nia ya kuwahi gari kabla ya msongamano. Hajafika getini, yakaingia mawili. Timu ikashuka daraja na ikachukua miaka minne kupanda tena. Tangu siku hiyo jukwaani hakuitwa fundi. Aliitwa Themanini na Sita. Hata kwenye harusi ya mwanawe, yule aliyeshika kipaza sauti alimkaribisha baba wa bwana harusi kwa jina hilo, na watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Fundi naye alicheka. Angefanyaje?

Mechi ya Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa msimu. Sare ilimaanisha kushuka daraja, ushindi ulimaanisha kubaki. Mpaka dakika ya tisini na mbili hakukuwa na bao, ndipo beki wa wageni akamkwatua winga wa Ngome ndani ya eneo la hatari, na refa akaonyesha penalti. Nahodha aliuweka mpira, akarudi hatua tano, akapiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ulipanda. Ulipofika juu ya goli, urefu wa ghorofa mbili hivi, ulisimama hewani ukawa unazunguka polepole.

Refa alitazama saa, akatazama mpira. Alimwita msaidizi wake, wakafungua kitabu kidogo cha sheria. Muda ulikuwa umekwisha, lakini penalti iliyopigwa haikatishwi na muda, na mpigo hauhesabiki kuwa umekwisha mpaka mpira utulie, utoke nje au uingie. Mpira ulikuwa unazunguka, kwa hiyo ulikuwa haujatulia. Refa akaweka filimbi mfukoni.

"Tunasubiri," aliwaambia manahodha wote wawili.

Jukwaani watu walikaa vizuri. Kinyozi, aliyekaa kando ya fundi kila mechi, alitandika gazeti upya chini yake akasema kwamba Ngome ndivyo ilivyo, kitu chochote wanakifanya kiwe kirefu. Hakuna aliyeaga.

Jumapili waliletewa chakula kutoka majumbani, kwenye mabakuli yenye majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Jumatatu kazi zikahamia uwanjani. Kinyozi alinyoa watu benchi la nne. Fundi alipandishiwa friji tatu kwenye ngazi, akazitengeneza hapo hapo, jicho moja kwenye bomba la gesi na jingine juu ya goli. Kipa wa wageni aliletewa kiti. Wenzake walirudi kwao na basi, yeye akabaki, maana hakuna sheria iliyomruhusu kuondoka.

Jumatatu hiyo jioni mshonaji alikuja, akipapasa ukingo wa ngazi kwa mkono.

"Kesho, mzee," alisema.

"Najua, mama. Mpira utashuka leo hii hii, wewe utaona."

"Na usiposhuka?"

Fundi aliufuta mkono kwenye suruali. Alimpenda mkewe, hilo halina mjadala. Walikuwa wameishi chumba kimoja na cherehani kwa miaka sita ya mwanzo na hawakuwahi kulala wamenuniana. Lakini aibu nayo ina meno, na yeye ilikuwa imemng'ata miaka kumi na mmoja.

"Nikiondoka mimi," alisema kwa sauti ya chini, "mimi hasa, mama, halafu kikatokea cha kutokea, tutahama mji."

Jumanne ikapita. Hospitali ikampangia tarehe nyingine, wiki tatu mbele.

Aliyegundua jambo lenyewe ni mtunza uwanja, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akifyeka nyasi pale tangu ujana. Kila asubuhi aliweka ngazi golini, akapanda na uzi wenye mafundo, akapima kutoka mwamba wa goli mpaka tumbo la mpira. Aliona kwamba kila shabiki akiondoka, mpira unashuka upana wa kidole kimoja. Akirudi, unapanda vilevile. Wale wa zamu za kiwandani walipotoka watatu kwa pamoja, ulishuka vidole vitatu. Aliandika yote kwenye daftari, akampelekea mwenyekiti wa klabu, kwa sababu uwanja ulikuwa chini ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alisoma daftari mara mbili. Miaka minne iliyopita aliahidi uwanja wa mazoezi, akajenga ofisi yenye geti la vioo, na timu ikaendelea kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha kuazima cha shule ya msingi, saa ambazo watoto wako darasani. Wanachama walikuwa wameapa kumng'oa. Katiba ya klabu ilisema mkutano mkuu wa uchaguzi unafanyika siku kumi na nne baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa bado inaendelea.

Kesho yake majukwaa yaliwekewa paa. Yakaja matandiko ya sponji na mapipa ya chai yenye bomba. Mwenyekiti mwenyewe alisimama katikati ya uwanja na kipaza sauti.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Lakini nyinyi bado hamjashindwa. Subira yenu ndiyo mchezaji wetu bora msimu huu."

Walimpigia makofi. Wengine walipiga huku wanamtukana kimoyomoyo, lakini makofi ni makofi. Kinyozi alisema mvumilivu hula mbivu, akaongeza kwamba za Ngome sasa zitakuwa zimeiva mpaka zimeoza. Kisha akanyoosha kikombe chake kwenye bomba la chai.

Habari za uzi wa mtunza uwanja zikaenea, na tangu hapo kunyanyuka kukawa kazi nzito. Aliyetaka kwenda msalani alitangaza kwanza, akarudi mbio. Refa alipata likizo yake ya mwaka, msaidizi akamshikia filimbi. Nahodha akaoa, akarudi kusimama mahali alipopigia mpira. Tarehe ya pili ya hospitali ilikuja na kupita. Fundi alimwambia mkewe kesho, na kesho yake akamwambia kesho, mpaka neno lenyewe likamchosha mdomoni.

Tarehe ya tatu ilikuwa miezi miwili baada ya ile ya kwanza. Asubuhi hiyo jirani wa nyumbani alimleta mshonaji mpaka kwenye ngazi za jukwaa, akamwacha apande mwenyewe. Jezi zote zilikuwa rangi moja. Alipofika benchi la tatu alishika mkono wa mwanaume wa kwanza aliyemkuta, akauvuta taratibu.

"Mzee, twende sasa," alisema. "Nimechoka kukuomba. Leo naogopa kweli."

Ulikuwa mkono wa kinyozi. Kinyozi aliushika ule mkono wa mshonaji kwa mikono yake yote miwili, akaupeleka mpaka kwenye mkono wa fundi, akauweka hapo.

Fundi aliutazama mkono wa mkewe. Kidole cha shahada kilikuwa kimejaa matundu ya sindano. Mama huyu hakuwa amejichoma sindano tangu awe mwanafunzi wa cherehani. Moyo ulimuuma sana, akaona haya mbele ya mkewe, na haya hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya jina. Akaweka bisibisi chini, akanyanyuka.

Jukwaa zima liligeuka. Mpira ulishuka kidole kimoja, na waliokuwa karibu na goli waliuona ukishuka. Kutoka nyuma sauti ya mtu ikasema, "Themanini na Sita," bila hasira, kama mtu anayesoma majina ya darasa. Fundi alimshika mkewe kiunoni, wakateremka ngazi moja baada ya nyingine mpaka getini.

Hospitalini alisaini mahali pa mume. Daktari alipima jicho la kulia, akalipima tena, akasema hilo limekwisha kwenda. La kushoto wangelifanyia upasuaji siku hiyo hiyo, na kile kitundu kilichobaki kingebaki.

"Mngekuja ile tarehe ya kwanza," alisema daktari, akaishia hapo akaenda kunawa mikono.

Walikaa nyumbani wiki nne. Fundi alipika, akafua, akamtia mkewe dawa ya matone asubuhi na jioni. Aliomba radhi mara nyingi, mpaka siku moja mkewe akamwambia inatosha.

"Sikukasirika kwa sababu ya mpira," alisema. "Najua unavyoipenda ile timu, nilikukuta nayo. Nilikasirika kwa sababu ya kesho. Ungesema siji, ningelia siku moja nikamtafuta mwanetu huko aliko aje asaini yeye. Wewe uliniambia kesho, nami nikakaa kusubiri."

Fundi alisema ni kweli, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kitambaa cha jichoni kilipotolewa, mshonaji alirudi kwenye cherehani. Aliona kitu kimoja kwa wakati mmoja, lakini alichokiona alikiona sawasawa. Alishona kola mbili, akazigeuza, akaridhika nazo. Alasiri akasema anataka kwenda kuuona huo mpira, kwa sababu mji mzima unauzungumzia na yeye, aliyeulipia kwa jicho, hakuwahi kuutazama vizuri.

Wakaenda. Geti la vioo la ofisi lilikuwa limeongezewa geti la pili, na picha ya mwenyekiti ilikuwa imebandikwa juu ya maneno "Tuko Pamoja." Uwanjani nyasi zilikuwa zimefyekwa. Nahodha alikuwa ameanza kuota mvi. Kipa wa wageni alikuwa amelala kitini, kofia usoni. Mashabiki waliwapisha bila maneno mabaya, na mmoja akamuuliza mshonaji kuhusu jicho, akampa pole.

Fundi alimsimamisha mkewe benchi la tatu, akamgeuza mabega. "Pandisha kichwa kidogo. Kushoto. Hapo hapo."

Mshonaji aliupata mpira. Aliutazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile lililozoea kufuata mstari wa uzi. Kisha akateremsha kichwa taratibu, akauona mwamba wa goli, akapandisha tena mpaka kwenye mpira. Akarudia, kama anapima urefu wa kitambaa.

"Mbona huu umeshapita?" aliuliza. "Uko nyuma ya goli. Hata ukishuka sasa hivi, unaangukia nje."

Mtunza uwanja aliyekuwa akipita na reki alisimama, akatazama chini, akaendelea kukwangua. Hakuna aliyembishia. Kinyozi alikung'uta nywele kwenye tandiko lake la sponji, akasogea upande mmoja kufanya nafasi.

"Tunajua, shemeji," alisema. "Tulijua siku ile ile. Karibu ukae."

Mshonaji aligeuka kumwambia mumewe waondoke. Mumewe alikuwa ameshakaa.