Vidole Vitatu vya Bega

Mume wangu husema nilizaliwa na sindano mdomoni, ndiyo maana kila ninachosema kinachoma. Sikatai. Nimewavisha wanaume wa nyumba hii kwa miaka thelathini na sita, na hakuna hata mmoja aliyerudi mawindoni akilalamikia mshono wangu. Mtu mwenye sifa hiyo hapa Igloolik, kisiwa chetu cha barafu, anaruhusiwa kuwa na mdomo mkali kidogo.

Kwa hiyo mwanangu alipooa msichana kutoka Arviat, mji wa mbali kusini kwetu, sikuangalia sura yake wala upishi wake. Niliangalia mishono yake. Ilikuwa mizuri, midogo, imeshikana, haipitishi hata pumzi. Hilo liliniudhi.

Jina lake Ulaayuq. Alikuwa na mwaka mmoja tu kwetu alipomaliza kushona peke yake koti la nje la mwanangu, koti la ngozi ya tuktu, mnyama wetu wa pembe anayetulisha na kutuvika. Makoti ya kuwindia ni mawili. La ndani manyoya yake yanagusa mwili, la nje manyoya yake yanautazama upepo. Katikati inakaa hewa, na hiyo hewa ndiyo inayomweka mtu hai. Vijana wanaojitia ujanja huvaa fulana za pamba chini yake, wanatoka jasho, jasho linaganda, halafu tunaanza kuimba nyimbo za mazishi. Mwanangu sikumlea hivyo.

Mwanangu anaitwa Kautaq, jina la baba yangu. Alizaliwa miezi minne baada ya baba kufa, na kwetu mwenye jina ni yule yule aliyekufa amerudi, kwa hiyo tangu siku tulipompa jina hilo mimi namwita baba, naye ananiita binti yangu. Ana miaka ishirini na saba na ananituma chai kama mzee wa miaka themanini. Nampelekea.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa Machi. Nguo za tuktu hazikai ndani ya nyumba yenye joto, maana manyoya hunyonyoka na ngozi hukakamaa mpaka ikachanika. Zinakaa kwenye chumba cha baridi mlangoni. Ulaayuq akaliingiza lile koti la nje haraka haraka ili nilikague, na Kautaq alikuwa jikoni kwangu anakula, amevaa shati tu.

"Mvalishe hapo hapo," nikasema.

"Mama, nilete na la ndani kwanza?"

"La ndani nimelishona mimi, nalijua. Usifungue mlango tena, nyumba inapoa."

Kautaq akalivaa lile koti. Mabega yalimning'inia, makwapa yalishuka mpaka karibu na kiuno. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Hili koti au hema? Huko kwenu Arviat mnavaa wawili wawili?"

"Binti yangu, mimi naliona zuri," Kautaq akasema huku anatafuna.

"Wewe kula. Hukuulizwa."

Mume wangu Inuki, ambaye alikuwa akichonga mpini wa chusa pale kwenye kiti chake, akasema, "Mwache mtoto wa watu, bibi we."

Lakini mimi nikishapanda sishuki. Nikabana bega la lile koti kwa mkono wangu, nikapima. "Vidole vitatu. Punguza vidole vitatu kila bega, na kwapa ulipandishe. Mwanangu hatatoka hapa watu wakimcheka kwamba hana mtu wa kumshonea."

"Mama, mimi naona..."

"Unaona nini?"

Ulaayuq akatazama sakafu. "Hakuna kitu."

"Haya. Sikio halipiti kichwa."

"Ndiyo, mama," akasema, akamvua mumewe koti, akalikunja, akatoka nalo.

Alhamisi asubuhi Kautaq akaondoka kwenda bara, ng'ambo ya bahari iliyoganda, kuwinda tuktu. Alivalia nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa kwa binamu yangu naparua ngozi ya sili, mikono imejaa mafuta, nikamwona dirishani akipita na pikipiki yake ya theluji, sleji inaburutwa nyuma. Akapunga mkono. Nikapunga kisu.

Ijumaa upepo ukaanza. Mchana ule sauti yake ikafika mara moja kwenye redio ya mawasiliano, imekatikakatika: pikipiki imekufa, mkanda wake umekatika, anajenga kibanda cha theluji, tusihangaike. Baada ya hapo kimya. Jumamosi huwezi kuona nyumba ya jirani. Wanaume wa kutafuta waliopotea walikuwa tayari na mafuta yao na chai yao, lakini kutoka nje katika hali ile ni kuongeza idadi ya wa kutafutwa.

Sikuwa na hofu sana, nasema kweli. Nilikuwa nautukana upepo na kuoka mkate. Kautaq anajua theluji, ana nyama kwenye sleji, ana nguo. Ulaayuq alikuja akakaa kwangu, anakata nyama iliyoganda vipande vidogo ambavyo hakuna aliyevila.

Ni Inuki aliyeniua. Hakukusudia. Alikuwa akijikuna mkono wake wa kushoto, ule usio na vidole viwili. Aliviacha kwenye barafu mwaka kabla hajanioa, siku glavu yake ilipochukuliwa na upepo. Akasema, kama mtu anayesema chai imepoa, "Atavuta mikono ndani. Mikono ikiingia ndani ya koti, ikakaa juu ya tumbo, mtu anaweza kukaa siku nne. Mimi ningewahi kufanya hivyo ningekuwa na vidole kumi."

Nikageuka kumjibu kitu cha kumchokoza. Nikabaki nautazama ule mkono wake.

Hapo ndipo nilipoona. Lile koti nililipima juu ya shati. Shati! Jikoni, kwenye joto, juu ya shati jembamba, wakati linatakiwa kukaa juu ya koti la ndani lenye manyoya marefu kama kidole. Ule upana niliouita hema ndio nafasi ya koti la ndani, na ya hewa, na ya kiwiko kukunjika na kupita kwapani mtu anaporudisha mkono ndani. Kila binti wa hapa anafundishwa hivyo kabla hajashika sindano. Mimi mwenyewe nimefundisha wasichana darasa zima pale kwenye ukumbi. Na mimi ndiye niliyesema vidole vitatu.

Nikaingia chumba cha baridi, nikafunga mlango. Nikavaa koti la ndani la Inuki, nikavaa la nje juu yake, nikayabana mabega kwa vibanio vya nguo, vidole vitatu kila upande. Kisha nikajaribu kuvuta mkono ndani. Kiwiko kiligota kwapani. Nikavuta kwa nguvu, nikajipinda, nikauma meno. Mkono haukuingia. Nikasimama pale na vibanio vyangu mabegani kama kichaa, na nikalia bila sauti, kwa sababu nyuma ya ule mlango kulikuwa na mke wake.

Nilirudi ndani, nikakaa mbele ya Ulaayuq, nikafungua mdomo. Nilitaka kumuuliza, ulipunguza? Lakini nilimjua. Msichana ambaye kwa mwaka mzima hajawahi kunijibu zaidi ya ndiyo, mama. Kumuuliza ilikuwa kulisikia jibu, na mimi sikuwa na nguvu za kulisikia. Kwa hiyo nikamwuliza kama anataka chai.

"Ndiyo, mama," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Mara mbili alinitazama kama mtu mwenye neno, mara mbili akalimeza. Nikadhani ananilaumu. Nikaona ana haki.

Jumapili ikapita hivyo. Kwenye redio ya mji walisoma jina lake, wakasema tumwombee. Kautaq. Baba yangu alikufa kitandani, mzee, ameshiba, na bado nilimlilia miaka. Sasa nilikuwa nimeshona, hapana, nimeamuru ishonwe, nguo ya kumwua mara ya pili. Inuki alinishika bega akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni jino. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu yalikuwa yamekuja mapema, yamekaa mezani, yananitazama.

Jumatatu asubuhi upepo ukakatika ghafla. Kukawa na jua, na kimya cha kuumiza masikio. Pikipiki sita zikatoka pamoja. Mimi na Ulaayuq tukasimama nje, tunaangalia ule mstari mweupe upande wa bara. Saa sita hivi zikaonekana nukta. Nikahesabu sita. Kisha nikaona kwamba kwenye sleji ya ile ya pili kuna mtu amekaa. Mtu aliyekaa si mtu aliyelazwa. Nikakaa chini pale pale kwenye theluji, mama mzima.

Alishuka mwenyewe. Akatembea mwenyewe mpaka kwenye chumba cha baridi, akachukua fimbo akaanza kujipiga theluji mwilini kama tunavyofanya sote kabla ya kuingia, taratibu kabisa, kana kwamba katoka dukani. Nikamnyang'anya ile fimbo, nikashika mikono yake. Nikahesabu vidole. Nikahesabu tena. Nikavibonyeza kimoja kimoja.

"Binti yangu, usivivute, vyote ni vyangu," akasema. Shavu moja lilikuwa na doa jeusi la baridi, basi. "Nina njaa."

"Glavu iko wapi?"

"Imekwenda. Nilivua nirekebishe mkanda, upepo ukaibeba. Niliiona inaruka, nikasema, aisee, hadithi ya mzee hii."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nikajenga kibanda kwa mkono mmoja wenye glavu, nikaingia, nikavuta mikono yote ndani, nikalala nayo tumboni. Siku tatu. Nimechoka kukaa tu, hata baridi sikuisikia sana."

"Umevuta vipi?" Sauti yangu ilikuwa ya ajabu, hata Inuki aligeuka. "Mikono. Iliingiaje?"

Kautaq akanitazama kama nimeanza kuzeeka. "Iliingia tu. Koti si pana?"

Akalivua, akanipa, akaingia ndani kwenye supu na baba yake. Nikaligeuza lile koti ndani nje, nikalipeleka kwenye mwanga wa mlango. Mshono wa bega ulikuwa ule ule wa Jumanne. Uzi wa kano ulikuwa haujaguswa, hakuna hata tundu moja la sindano la pili. Hema lilikuwa hema vile vile. Nikaliweka usoni. Furaha iliyonishika pale sijui niifananishe na nini. Nilikuwa nimekosea vibaya kuliko siku zote za maisha yangu, na kosa langu halikumfikia mtu.

Ulaayuq alikuwa amesimama nyuma yangu. Alilitazama koti, si mimi.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilisema ndiyo, lakini sikupunguza. Nilikaa na sindano saa nzima. Nilitaka kukuambia, Jumamosi, na jana pia. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe." Akaligusa lile koti. "Nakuogopa wewe kuliko baridi, mama. Lakini si mimi niliyekuwa naenda nje."

Siku tatu tumekaa meza moja, mimi nikiogopa kwamba alinitii, yeye akiogopa kwamba nitajua hakunitii. Neno moja tu lingetutoa sote wawili jehanamu, na mdomo wangu ndio uliolifungia njia kwa mwaka mzima.

"Nilipima juu ya shati," nikamwambia.

"Najua, mama."

"Nilikuwa mjinga."

Akajifanya anaitafuta ile fimbo ya theluji, maana ana adabu.

"Ungenikatalia siku ile ningefanya nini?"

"Ungenifokea mpaka Pasaka."

"Ningekufokea, ndiyo. Sasa nikatalie."

Akakunja pua. Kwetu kukunja pua ni kusema hapana.

"Hiyo haitoshi, macho yangu mabaya siku hizi. Kwa mdomo."

"Hapana, mama," akasema kwa sauti ya panya.

"Sikusikia."

"Hapana, mama!"

"Kuna nini huko?" Kautaq akaita kutoka jikoni, mdomo umejaa. "Binti yangu, unamfokea mke wangu?"

"Yeye ndiye ananifokea mimi," nikajibu, na nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Ulaayuq naye, tumeshikana pale kwenye baridi kama walevi, hadi Inuki akafungua mlango akatuambia nyumba inapoa.

Nikamwambia asubiri. Nikapanda juu ya sanduku, nikashusha zile ngozi za tuktu nilizozikausha tangu vuli, nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, nilizokuwa nimeziweka nimshonee Inuki koti jipya. Nikazitia mikononi mwa Ulaayuq.

"Za mzee," nikasema. "Mshonee wewe."

Akanitazama, akingoja kipimo. Sikumwambia.